Nuru Isiyoonekana: Kuunda Mashine Kubwa ya Leza Gerejini

Gereji za nyumba zetu hapa Uingereza ni nadra kuwekwa magari. Magari hulala barabarani kwenye mvua, na gereji hujaa masanduku yanayongoja kupelekwa nyumbani, masufuria ya shughuli, mazulia yaliyokunjwa, na friji bovu ambalo kila mwaka husemwa litatengenezwa. Lakini iko nyumba moja ya jamaa zetu ambamo vitu hivyo vyote vimetolewa, na mahali pake pamewekwa mashine yenye urefu wa mita 1.8 na upana wa mita 1.4, inayokata mbao kwa nuru. Mashine hiyo haikununuliwa dukani. Imeundwa na mzee mmoja aliyejifunza useremala na nakshi Unguja alipokuwa kijana, akisaidiana na binti yake aliyesomea uhandisi huku. Iliwachukua miezi 14, jioni na siku za mapumziko.

Tangu habari hiyo ienee, wazazi wengi wameulizwa na vijana wao, "Baba, na sisi tunaweza?" Kwa hiyo tumeona yafaa kulieleza jambo hili katika kitabu chetu cha mwaka huu, ili mzazi asikatae kwa kutojua wala asikubali kwa kutojua. Jawabu kwa ufupi ni kwamba inawezekana. Ila atakayeianza kazi hii na ajue mapema kuwa kukata mbao ndiyo sehemu iliyo nyepesi. Sehemu nzito ni kujikinga na mambo matatu ambayo jicho haliyaoni: nuru yenyewe, umeme, na sumu iliyomo katika moshi.

ASILI YAKE

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Malibu, California, tarehe 16 Mei 1960, naye alitumia kijiti cha yakuti. Leza inayotumika katika mashine za namna hii ni nyingine. Ilivumbuliwa mwaka 1964 katika maabara ya Bell Labs, Marekani, na Kumar Patel, mzaliwa wa Baramati katika Bara Hindi, ambaye alikwenda ugenini kusoma kama walivyokwenda wengi wetu. Patel alitumia hewa ya kaboni dayoksaidi, ile ile tunayoitoa tunapopumua.

Uingereza nayo ina fungu lake. Mwaka 1967 Peter Houldcroft, katika taasisi ya utafiti wa kuchomelea vyuma iliyoko karibu na Cambridge, aliusaidia mwale wa leza kwa mkondo wa oksijini na akakata bati la chuma lenye unene wa milimita 1. Kwa miaka mingi baada ya hapo mashine hizi zilikuwa mali ya viwanda vikubwa tu. Mlango wa nyumbani ulifunguka mwanzoni mwa miaka ya 2010, pale Stefan Hechenberger na Addie Wagenknecht walipotoa bure michoro ya mashine waliyoiita Lasersaur, yenye kitanda cha milimita 1,220 kwa 610, ili kila mwenye kutaka aiunde mwenyewe. Tangu hapo wengi wameunda za kwao, kila mtu kwa kipimo chake.

NAMNA INAVYOFANYA KAZI

Moyo wa mashine ni mrija wa kioo. Ndani yake mna mchanganyiko wa kaboni dayoksaidi, naitrojini na hiliamu. Umeme wa volti nyingi ukipita humo, hewa ile hutoa mwale wa nuru. Mrija wa wati 80, kama wa jamaa zetu hawa, una urefu unaozidi mita 1 na robo kidogo tu au kupungua hapo, na ni dhaifu kama chimni ya taa.

Mwale ukitoka mrijani hukutana na vioo vitatu vinavyoupindisha hadi kwenye kichwa cha mashine, na huko lenzi huubana uwe nukta yenye upana wa sehemu mbili za kumi za milimita au chini ya hapo. Mtoto yeyote aliyewahi kuchoma karatasi kwa kioo cha kukuzia na jua la saa sita ameshaufahamu msingi wa jambo hili. Wati 80 zilizobanwa hivyo hupenya plaiwudi ya milimita 6 bila taabu. Chuma haziwezi, na shaba na alumini huurudisha mwale karibu wote ulikotoka.

Kichwa hutembezwa na mota za hatua. Mota ya namna hii huzunguka hatua 200 kwa mzunguko mmoja, na kila hatua hugawanywa na umeme mara 16, ikawa 3,200. Gurudumu lenye meno 20 na mkanda wa milimita 2 kwa jino husogeza kichwa milimita 40 kwa mzunguko. Ukigawa 3,200 kwa 40 unapata hatua 80 kwa kila milimita. Hesabu hii ndiyo inayoandikwa katika kompyuta, na binti alimfundisha baba yake kwa penseli juu ya kipande cha ubao.

Baba naye alikuwa na la kumfundisha. Kitanda cha mashine yao ni milimita 1,200 kwa 900. Binti alitaka kukinyoosha kwa vyombo vya bei. Mzee akamwambia, "Mwanangu, lete utepe wa kupimia tu." Akapima kutoka pembe hadi pembe, mara moja huku na mara moja kule, akagongagonga fremu kwa nyundo ya mpira mpaka pande zote mbili zikasoma 1,500. Ni kanuni ya tatu, nne na tano, ambayo waashi wetu huitumia wanapotandika msingi wa nyumba, na haikupungua nguvu kwa kuvuka bahari.

KWA NINI IWE KUBWA?

Vijana wengi wangetosheka na mashine ndogo ya mezani, nasi tungewashauri waanzie hapo, kwani ukubwa una gharama yake. Katika mashine kubwa, njia ya mwale haiko sawa: kona ya karibu na kona ya mbali hupishana zaidi ya mita 2. Kioo kikikosea kwa sehemu moja tu katika elfu, mwale hupotoka kwa sehemu mbili, na baada ya mita 2 umekwisha kukosa shabaha kwa milimita 4. Ndiyo maana ulinganishaji wa vioo uliwachukua majuma matatu. Hubandikwa kipande cha utepe wa karatasi mbele ya kioo, mwale hufyatuliwa kwa nguvu ndogo na kwa nukta moja ya muda, na alama ya kuungua hutazamwa. Alama ya kona ya karibu na ya kona ya mbali lazima ziangukie mahali pamoja.

Hawa walikuwa na sababu ya kutaka ukubwa. Mzee ana daftari la michoro ya nakshi za milango aliyoichora tangu ujanani: samaki, minyororo, mayungiyungi, majani ya mtende. Mikono yake sasa inatetemeka, na patasi haimtii tena. Alitaka michoro ile ikatwe kwa kipimo chake kamili, hasa kile kipande cha juu ya mlango, kizima bila kiungo katikati. Daftari peke yake, asema, halimfundishi mtu. Karatasi huchanika na anayeweza kuisoma hufariki.

MAADUI WATATU

Adui wa kwanza ni nuru. Mwale huu una urefu wa wimbi wa maikromita 10.6, na jicho la mwanadamu huishia kwenye sehemu saba za kumi za maikromita moja. Kwa hiyo mtu hauoni. Huona tu ubao ukiungua. Ukimrudia jichoni, hata kwa kuakisiwa na bisibisi iliyosahauliwa kitandani, humchoma mboni kabla hajapepesa. Dawa yake ni sanduku lililofungwa pande zote. Mwale ulio wazi huhesabiwa katika daraja la 4, lililo la hatari kuliko yote. Mashine ile ile ikifungwa barabara ndani ya sanduku yaweza kuingia daraja la 1. Akriliki na kioo cha kawaida, ambavyo jicho hupenya, mwale huu hauvipiti, basi vyafaa kwa dirisha, ingawa ukielekezwa hapo hapo kwa muda utavichoma. Mfuniko uwe na swichi mbili zinazokata mwale mara tu unapofunuliwa, na swichi hizo ziungwe moja kwa moja kwenye chombo cha umeme cha leza, zisitegemee ridhaa ya kompyuta. Siku ya kulinganisha vioo, ambapo mfuniko hapana budi ufunguliwe, ivaliwe miwani iliyoandikwa namba ya mwale huo, nanomita 10,600. Miwani ya jua haisaidii kitu.

Adui wa pili ni umeme. Mrija hudai volti kiasi cha 20,000. Umeme wa ukutani wa volti 230 umeua watu. Huu hauhitaji hata kuguswa, kwani huruka hewani kumfuata mtu. Na chombo chake huweza kubaki na umeme ndani hata baada ya kuzimwa. Desturi ya nyumba ile ni tatu: hakuna anayeifungua mashine akiwa peke yake, ikizimwa hungojwa, kisha umeme uliobaki hutolewa kwa fimbo iliyoungwa na waya wa ardhi, na kila kipande cha chuma cha fremu kimeungwa na ardhi. Kabla ya kuwashwa mara ya kwanza aliitwa fundi umeme mwenye cheti akaikagua yote, akalipwa kazi yake. Fedha hiyo haikuwauma.

Adui wa tatu ni moshi. Plaiwudi huacha moshi mchungu, lakini plastiki ya PVC hutoa hewa ya asidi inayounguza mapafu na kuitia mashine kutu kwa muda mfupi. PVC isikatwe kabisa. Ukiwa na shaka na plastiki usiyoijua, chukua waya wa shaba, uupashe moto nje ya nyumba, ugusishe kwenye kipande hicho, kisha uurudishe motoni: moto ukigeuka kijani, acha. Feni ya kuvutia moshi iwekwe mwisho wa bomba, upande wa nje, ili bomba likiwa na tundu livute hewa ndani badala ya kutema sumu gerejini.

Pamoja na hao watatu yupo adui anayeonekana, ambaye ni moto. Akriliki huwaka kama mafuta. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mlango, na mashine isiachwe ikikata yenyewe, hata kwa dakika ya kwenda kuepua chai.

Tena ipo baridi ya nchi hii. Mrija hupozwa kwa maji safi yaliyotoneshwa, kwa sababu takriban sehemu tisa katika kumi za umeme wake hugeuka joto. Maji hayo yakiganda mrijani usiku wa Januari, kioo hupasuka, na kazi ya mwaka imekwenda. Watu wa nyumba ile huyamwaga maji yote kila baridi kali inapotangazwa.

FAIDA YAKE

Wako walionong'ona kwamba mzee ameuza ufundi wa wazee wetu kwa mashine. Mwenyewe alipoulizwa alijibu kwa upole kwamba kinachotoka mle si nakshi, ni kivuli cha nakshi. Mashine hukata na kuunguza juu juu. Haichongi ua likainuka kutoka kwenye msaji. Anachokata ni vigezo vya plaiwudi ya milimita 3. Kijana hukiweka kigezo juu ya ubao, hukifuatisha kwa penseli, kisha hushika patasi na nyundo. Vijana sita wa jamaa zetu, wavulana wanne na wasichana wawili, huenda kwake kila Jumamosi kwa kazi hiyo. Kigezo kikivunjika hukatwa kingine, na mchoro hubaki ulivyo.

Basi, ndugu msomaji, mwanao akikujia na ombi hili, usianze kumwuliza bei. Mwulize kwanza sanduku litafungwaje, moshi utatokea wapi, na nani atakuwa naye siku ya kuunga umeme. Akiwa na majibu, mpe gereji. Asipokuwa nayo, mpe muda ayatafute, na umwambie aanze kwa kuunda mfuniko kabla ya kununua mrija. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Na kama nyumbani kwako kuna mzee mwenye daftari kama lile, au mama mwenye michoro ya kofia aliyoihifadhi kichwani tu, kaa naye mwaka huu uichore, kwani kazi hiyo haingoji mashine.