Kutoka Ankoro hadi Lubumbashi kwa treni: mfuko mwepesi ni usalama wa msafiri

Mkaaji wa Ankoro anayekwenda Lubumbashi huanza safari katika joto la bonde la Lualaba na kuimaliza kwenye uwanda wa juu ambako, katika mwezi wa sita na wa saba, baridi ya usiku inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Katikati kuna mtumbwi au pikipiki, kituo cha treni cha Kabalo, na siku kadhaa za reli. Abiria wengi hujibu mashaka ya safari hiyo kwa kubeba kila kitu: mablanketi, sufuria, valizi mbili, gunia la unga. Uzito huo ndio unaowamalizia pesa, unaowafanya wakose nafasi ndani ya wagoni, na wakati mwingine unaowapandisha mahali ambapo mtu hapaswi kukaa.

Ankoro yenyewe haina reli. Mji huo ulio katika eneo la Manono, jimbo la Tanganyika, umejengwa pale mto Luvua unapoingia katika Lualaba. Kwa miaka mingi maji ndiyo yamekuwa barabara yake: Lualaba hupitika kwa mashua kuanzia Bukama hadi Kongolo, na Luvua hupitika kutoka Ankoro hadi Kiambi. Anayetaka treni hushuka na mto hadi Kabalo, yapata kilomita 80 upande wa kaskazini, au hupanda pikipiki ikiwa barabara inaruhusu.

Kabalo ni njia panda ya reli. Kampuni ya CFL ya wakati wa Wabelgiji ilifikisha reli kutoka hapo hadi Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, katika mwaka wa 1915. Ni kilomita 273, kupitia Nyunzu na Niemba. Upande mwingine reli huenda Kongolo na Kindu. Katika mwaka wa 1956 Kabalo iliunganishwa na Kamina, na tangu hapo mtu anaweza kutoka kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika hadi Lubumbashi bila kuacha reli. Leo njia zote hizo ziko mikononi mwa shirika la taifa la reli, SNCC. Kutoka Kabalo hadi Lubumbashi ni yapata kilomita 1,000. Treni ya abiria haipiti kila siku, na safari ambayo kwenye ramani inaonekana ya siku mbili inaweza kuchukua wiki nzima ikiwa njia imeharibika au locomotivu imekufa porini.

Safari moja, hewa tatu

Kinachomshangaza anayesafiri mara ya kwanza ni mabadiliko ya hewa. Kabalo iko kwenye mita karibu 550 juu ya usawa wa bahari. Kamina iko kwenye mita karibu 1,100, na Lubumbashi hupita mita 1,200. Kwa kawaida, kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi kama sita. Wakati wa kiangazi, mbingu zikiwa wazi na hewa kavu, ardhi ya uwanda wa juu hupoteza joto lake haraka jua likizama. Ndiyo sababu abiria aliyetoka Kabalo akitokwa jasho hujikuta anatetemeka saa kumi za usiku kabla ya kufika Kamina, huku treni ikikimbia na upepo ukiingia dirishani.

Anayekwenda Kalemie hapandi sana, kwa sababu ziwa liko kwenye mita karibu 770 tu. Lakini kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa pepo za kusini mashariki huvuma juu ya Ziwa Tanganyika, na asubuhi za pwani zinaweza kuwa na baridi kuliko mgeni wa kutoka bondeni alivyotazamia.

Kipindi kigumu zaidi kupangia ni mwisho wa kiangazi, mwezi wa tisa na wa kumi. Ndio wakati wa kurudi masomoni, wanafunzi wengi wakiwa njiani. Mchana jua huwaka vikali, alfajiri bado ni baridi kule juu, na mvua za kwanza huanguka bila kutangaza. Katika siku moja ya treni mtu anaweza kukutana na hali hizo zote tatu.

Wasafiri wa Ulaya na wa Japani wanajua tatizo linalofanana na hili katika miezi ya tatu hadi ya tano, wakati baridi yao inapoondoka polepole. Jibu lao si kubeba nguo nyingi. Wanabeba chache zinazovaliwa moja juu ya nyingine, kisha zinavuliwa moja moja joto likipanda. Tofauti ni kwamba wao, wakisahau koti, watalinunua kwenye kituo kinachofuata. Kati ya Kabalo na Kamina, vituo vingi huuza ndizi, mihogo, karanga na kuku. Kwa hiyo kanuni hiyo inafaa hapa pia, lakini ni lazima ikamilishwe nyumbani, kabla ya kushuka mtoni.

Nguo mbili nyembamba hushinda moja nzito

Nguo haina moto ndani yake. Kinachompa mtu joto ni hewa iliyofungiwa kati ya mwili na nguo, na kati ya nguo na nguo. Ndiyo maana shati la mikono mirefu, pulovere nyembamba juu yake, na jaketi jepesi la kuzuia upepo huleta joto zaidi kuliko koti moja zito lililovaliwa juu ya singleti. Mchana vitu hivyo vitatu vinakunjwa na kuwa mto wa kulalia. Koti zito haliko hivyo: likivuliwa, linakuwa mzigo wa mkononi.

Katika nguo za mitumba za sokoni, pulovere ya sufi au ya nyuzi za plastiki ni bora kuliko ya pamba, kwa sababu ikilowa bado inahifadhi joto kidogo na inakauka upesi. Suruali ya jinzi ndiyo mbaya zaidi kwa safari hii. Ni nzito ikiwa kavu, ikilowa uzito wake huongezeka sana, na haikauki katika usiku mmoja wa baridi. Suruali moja nyepesi mwilini na nyingine mfukoni zinatosha. Soksi jozi mbili na kofia ya kitambaa havina uzito wa kusema, lakini miguu na kichwa ndivyo vinavyolalamika kwanza usiku.

Kikwembe kinastahili kutajwa peke yake. Ndicho blanketi, pazia, taulo, mbeleko ya mtoto na kitambaa cha kufunikia chakula. Mama mwenye vikwembe viwili ana vifaa vingi kuliko mwenye valizi iliyojaa. Kuhusu mvua, kipande cha bashi ya plastiki cha mita mbili, kilichokunjwa chini kabisa ya mfuko, hufanya kazi ya koti la mvua, mkeka wa kulalia sakafuni, na kifuniko cha mizigo ndani ya mtumbwi.

Kuhesabu mara za kupakia na kupakua

Ili kujua uzito unaofaa, msafiri ahesabu mara ngapi mzigo wake utanyanyuliwa. Nyumbani hadi bandarini Ankoro. Bandarini hadi ndani ya mtumbwi. Mtumbwi hadi nchi kavu Kabalo. Nchi kavu hadi kituo cha treni, kituo hadi wagoni. Ikiwa treni inabadilishwa njiani, hesabu inaongezeka. Kila mara kuna mtu wa kulipwa, na kila mara kuna dakika ambazo jicho linaangalia mzigo badala ya kuangalia mtoto.

Kipimo chepesi ni hiki: sakado ambayo mtu anaweza kuivaa mgongoni, akatembea mwendo wa dakika kumi bila kupumzika, mikono yote miwili ikiwa huru. Mkono mmoja ni wa kushika ngazi ya wagoni, mwingine ni wa mtoto au wa bidoni ya maji. Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo ni kilo kama nane au kumi, maji yakiwemo. Mfuko ukipita hapo, kitu kitoke. Mara nyingi kinachotoka ni sufuria, viatu vya pili vya ngozi, na nguo za "labda".

Maji, chakula na dawa

Lita moja ya maji ni kilo moja, na hakuna njia ya kuipunguza. Lakini hapa si mahali pa kubana. Kipindupindu kimekuwa ugonjwa wa kudumu katika bonde la Lualaba na kandokando ya Ziwa Tanganyika, na kunywa maji ya mto au ya shimo lolote karibu na reli ni kamari. Badala ya kubeba lita 20, wasafiri wenye busara hubeba bidoni ya lita tano na vidonge vya klorini vya kusafishia maji. Kisha hujaza kwenye vituo, hutia kidonge kufuatana na maandishi ya pakiti, na husubiri nusu saa kabla ya kunywa. Pakiti mbili za SRO, zile chumvi za kunywa mtu akiharisha, hazifikii uzito wa kipande cha sabuni. Na sabuni yenyewe isikosekane.

Chakula kizuri cha treni ni kile kisichohitaji moto: karanga, mahindi ya kukaanga, mihogo iliyochemshwa kwa siku ya kwanza, samaki waliokauka vizuri. Bukari itapatikana vituoni. Anayemeza dawa kila siku, ya presha au ya kisukari, abebe ya siku kumi zaidi ya alizohesabu, na aiweke mwilini, si ndani ya mzigo unaoweza kuachwa. Chandarua kilichokunjwa huingia kwenye mfuko wa jaketi na humsaidia anayelala nje akisubiri treni Kabalo, mahali penye mbu wengi.

Karatasi ndizo nyepesi kuliko vyote na ndizo zenye hasara kubwa zikipotea. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwa Wakongomani wengi ndiyo kitambulisho, diploma ya serikali, karatasi za hospitali: zote ziingie katika sashe mbili, moja ndani ya nyingine, zifungwe na kuvaliwa chini ya shati. Mwanafunzi ambaye diploma yake imelowa ndani ya mtumbwi anaweza kufika Lubumbashi salama na bado akachelewa kuandikishwa. Pesa taslimu ziwe za njia tu. Zinazobaki zikae kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money hadi mahali penye mtandao.

Na mwenye biashara?

Ni rahisi kumwambia mwanafunzi abebe mfuko mmoja. Mama anayepeleka samaki wakavu au mafuta ya mawese hawezi kusafiri mwepesi, kwa sababu mzigo ndio safari yenyewe. Kwake kanuni ni kutenganisha. Bidhaa ziandikishwe kama mizigo, zipimwe, na karatasi ya malipo ihifadhiwe pamoja na kitambulisho. Mfuko wa mwili, wenye nguo ya baridi, maji, dawa na pesa, ubaki mgongoni. Anayefunga pulovere yake ndani ya gunia la samaki lililo kwenye wagoni nyingine hataipata saa kumi za usiku.

Kutenganisha huko kuna sababu nyingine. Wengi wanaopanda juu ya wagoni za bidhaa hufanya hivyo ili kulinda mali yao, au kwa sababu wamekosa nafasi ndani. Tarehe 12 mwezi wa tisa 2019 treni ilipinduka Mayibaridi, humu humu katika jimbo la Tanganyika. Kwanza serikali ilitangaza vifo vya watu 50, ingawa hesabu zilizofuata zilikuwa chini ya hapo. Katika mwezi wa tatu 2022 treni ya bidhaa ilianguka Buyofwe, jimbo la Lualaba, na watu zaidi ya 60 walikufa. Wengi walikuwa wamepanda bila ruhusa juu ya mizigo. Pia kutoka Kamina hadi Lubumbashi reli ilijengewa nyaya za umeme wa volti 25,000 juu ya treni. Mtu aliye juu ya paa, amelowa kwa mvua ya kwanza ya mwaka, hana pa kujificha.

Mfuko mwepesi hauwezi kutengeneza reli. Lakini humpa msafiri uhuru wa kuchagua: kuingia ndani mapema mlango ukifunguliwa, kushuka haraka ikibidi, kukataa kupanda treni ya bidhaa na kusubiri inayofuata bila kulipa watu watatu wa kulinda magunia. Kabla ya kufunga mfuko, apige simu Kabalo kuuliza kama treni inatarajiwa kweli, na siku gani. Siku tatu anazoweza kusubiri nyumbani Ankoro, akila chakula cha nyumbani, hazihitaji kubebwa mgongoni.