Programu za Kompyuta Zinavyofuatilia Mada za Mazungumzo ya Wananchi

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 1 Agosti, 2018 Serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kuzuka kwa ugonjwa wa Ebola katika Jimbo la Kivu Kaskazini. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni, 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamefariki dunia. Chanjo ilikuwepo na vituo vya matibabu vilijengwa, lakini katika maeneo mbalimbali watumishi wa afya walikataliwa, wengine walishambuliwa, na zipo familia zilizowaficha wagonjwa wao. Ilibidi kufahamu wananchi wanasemezana nini, na wanayoyasema wiki hii yana tofauti gani na ya mwezi uliopita.

Wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba walipewa jukumu la kuandika kauli za wananchi. Kila kauli iliwekwa katika aina yake, iwe swali, uvumi, pendekezo au shukrani, kisha ikapewa alama ya mada inayoigusa. Baada ya hapo kompyuta ilihesabu alama hizo kwa kipindi na kwa eneo. Miongoni mwa mada zilizojitokeza ni mazishi. Familia hazikuwa zikiiona miili ya wapendwa wao, na uvumi ukaenea kwamba viungo vinaibwa. Msalaba Mwekundu ulianza kutumia mifuko ya maiti inayoonesha ndani, ili ndugu wamwone marehemu wao bila kumgusa.

Katika mfano huo, kazi ya kutambua mada ilifanywa na binadamu. Kauli zinapokuwa maelfu kwa maelfu, programu za uchambuzi wa matini huweza kubeba sehemu ya mzigo huo. Mwaka 2003 watafiti David Blei, Andrew Ng na Michael Jordan walichapisha mbinu ambayo hadi leo ni msingi wa programu nyingi za aina hii. Programu haielewi maana ya maneno. Huangalia ni maneno gani hupenda kuandamana. Ikikuta “bomba”, “mgao”, “kisima” na “ndoo” yakirudi pamoja katika maelfu ya ujumbe, huyaweka katika kundi moja. Ni mtu anayelisoma kundi hilo na kulipa jina: huduma ya maji. Kisha ujumbe hupangwa kwa tarehe, na mada huonekana ikipanda au ikishuka.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoleta kazi ya ziada. Kwa kompyuta isiyofunzwa, “anachanjwa”, “walichanjwa” na “tutachanjwa” ni maneno matatu yasiyo na undugu. Suluhisho la haraka ni kuondoa viambishi na kubakiza mzizi, lakini ukifanya hivyo pasipo uangalifu, “amechanjwa” na “hajachanjwa” vinakuwa kitu kimoja, na aliyekubali chanjo anahesabiwa pamoja na ambaye bado hajaipata. Kwa bahati njema kazi hii haianzi leo. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland alianza tangu miaka ya 1980 kuunda programu ya kuchanganua maneno ya Kiswahili, kiambishi kwa kiambishi.

Zipo pia nahau. Mwananchi anayeandika kuwa maji yamemfika shingoni huenda analalamikia mkopo au ada ya shule, wala bomba la kwake halina hitilafu. Kwa sababu hiyo, hakuna jedwali la mada linalopaswa kufika mezani kwa kiongozi kabla ya mtu anayeijua lugha kusoma sehemu ya ujumbe wenyewe.

Kosa linalotokea mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni la hesabu. Tuchukue mfano wa halmashauri iliyopokea ujumbe 400 mwezi Januari, 40 ukiwa wa maji, na ujumbe 1,200 mwezi Machi, 60 ukiwa wa maji. Taarifa inaweza kueleza kwamba malalamiko ya maji yameongezeka kwa nusu. Ukweli ni kwamba uzito wa mada hiyo miongoni mwa mada nyingine umeshuka kutoka asilimia 10 hadi asilimia 5. Huenda namba mpya ya simu ilitangazwa redioni na watu wengi zaidi wakaandika. Taarifa iliyo kamili hutoa idadi na uwiano, na hueleza kilichobadilika katika njia ya kupokea maoni.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu kuzitumia kwa lengo lililokusudiwa na kuzilinda. Ili kujua mada, majina na namba za simu hazihitajiki. Huondolewa kabla uchambuzi haujaanza. Kijiji au kata hubakishwa pale tu wachangiaji wanapokuwa wengi kiasi cha mtu mmoja kutotambulika.

Aidha, programu huchambua kilichofika tu. Kijiji kisicho na mtandao wa simu huonekana katika jedwali kama kijiji kisicho na malalamiko, na huko bado ofisa analazimika kwenda mwenyewe na daftari lake.