AMETUTUMIKIA KWA MANENO YA KWELI

Hivi karibuni, katika ofisi ndogo ya chama kimoja cha watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI hapa Dar es Salaam, walikusanyika watu wapatao thelathini kumuaga dada yetu mmoja aliyekuwa akishughulika na habari za chama hicho. Palikuwa na chai na maandazi, na wazee wa chama wakamvika kitenge mabegani. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa mwenyewe ametuomba hivyo. Asema kazi ya mpeleka habari ni kuitaja habari, si kujitaja. Ombi lake tumelitii. Lakini shukrani hatuwezi kumnyima.

Wako wananchi wadhanio kwamba vita vya UKIMWI vimepiganwa na madaktari na wauguzi peke yao. Hapana shaka hao wamefanya kazi kubwa. Hata hivyo dawa haimfikii mtu aliyejificha, na mara nyingi mtu hujificha kwa ajili ya maneno ya watu.

Tuyakumbuke maneno hayo. Wagonjwa wa kwanza katika nchi yetu, watu watatu, waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla ya kuupa ugonjwa jina la kitaalamu, watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa wakati ule; wengine wakasema ni uchawi, wakatafutana wachawi. Baadaye mijini mgonjwa akaambiwa amekanyaga miwaya, na herufi za jina la Kiingereza zikageuzwa mzaha: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Watu wakacheka, na aliyekuwa mgonjwa akafunga mlango wake.

Si kwamba hapakuwa na waliosimama. Mwaka 1989 kiliundwa chama cha WAMATA, na jina lake lenyewe lasema kwamba hao ni watu walio katika mapambano, si watu wa kuhurumiwa. Mwaka 1999 Rais Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Mwaka 2004 Serikali ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali. Na mwaka 2007 Rais Kikwete na mkewe walipima hadharani, ili raia aone kwamba kupima si aibu.

Dada yetu aliingia kazini baada ya dawa kupatikana, na mara akaona kwamba dawa zimetangulia na maneno yamebaki nyuma. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulifuta neno "mwathirika" katika kila karatasi ya chama chake, akaandika "mtu anayeishi na VVU". Waliomcheka walidhani anachezea lugha. La hasha! Mtu aitwaye kila siku kwa jina la msiba huona hana haja ya kumeza kidonge chake.

Mwaka 2016 ulitangazwa utafiti uliofanywa huko Ulaya juu ya jozi 888 za wapenzi, mmoja ana virusi na mwenziwe hana, ambao hawakutumia kondomu. Mwenye virusi alikuwa akitumia dawa barabara hata virusi visionekane katika kipimo cha damu. Haikupatikana hata jozi moja ambamo mmoja alimwambukiza mwenziwe. Habari hiyo dada yetu aliichukua gerejini, sokoni na vituo vya mabasi, akaisema kwa Kiswahili chepesi: virusi visipoonekana kwenye kipimo, haviambukizi kwa njia ya kujamiiana. Wako waliooana kwa sababu ya sentensi hiyo.

Lakini kazi yake bora pengine ni ile isiyochapishwa. Walikuja wageni waliotaka kutoa msaada, wakaomba picha ya mama mmoja mgonjwa na wanawe, kwa ajili ya taarifa yao. Mama yule alikuwa radhi, maana alihitaji chakula. Dada yetu akamwuliza, "Mama, watoto wanajua?" Mama akainamisha kichwa. Picha haikupigwa, na msaada ule nusura upotee. Sheria ya mwaka 2008 inakataza kutoa siri ya afya ya mtu bila idhini yake. Yeye aliona kwamba idhini iliyotolewa kwa njaa si idhini.

Sasa anaondoka, wala haondoki kwa kuchoka. Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na vyama vingi vya namna hii barani Afrika vikapungukiwa. Fedha zilipopungua, wa kwanza kuondolewa alikuwa mwenye kalamu. Muuguzi abaki, dereva abaki, habari zitajiandika.

Twasema hesabu hiyo ina kasoro. Katika majuma yale ya wasiwasi ulivuma uvumi kwamba dawa zimekwisha nchini, na wako waliotaka kugawa vidonge vyao nusu nusu. Ni dada huyu aliyekwenda kituo kwa kituo kuuliza, kisha akawajulisha wenziwe palipo na dawa na siku ya kwenda. Anayeacha dawa, virusi humrudia kwa wingi, na huenda vikawa sugu. Uvumi wa siku moja waweza kubomoa kazi ya miaka kumi.

Kitenge ni heshima njema, lakini hakitoshi. Heshima iliyo kubwa zaidi ni sisi kuishika kazi aliyoiacha. Mwanachama katika tawi lake, mfanyakazi katika kiwanda chake, akisikia mzaha wa miwaya asicheke. Akisikia uvumi auulize kabla ya kuupeleka. Akijua siri ya mwenziwe aitunze kama amana. Na vyama vya wafanyakazi viangalie kwamba hakuna anayefukuzwa wala kutengwa kwa sababu ya damu yake.

Maradhi yalihesabiwa kuwa mmoja wa maadui watatu wa taifa tangu tulipojitawala, pamoja na ujinga na umaskini. Dada huyu amepigana na wawili kwa kalamu moja. Tunamwambia ahsante, na tunamtakia heri huko aendako.