Kansere ya maini: inatoka wapi?

Baba mwenye nguvu anaanza kukonda. Chini ya mbavu za kuume panakuwa pagumu kama jiwe, tumbo linajaa maji, macho yanageuka manjano. Mara nyingi anakufa kabla miezi mingi haijapita. Ndipo jamaa wanatafuta aliyemloga, na kwa kawaida wanamshika mama mzee asiye na mtetezi. Ndugu, mwacheni mama huyo. Tunajua ugonjwa huu unakotoka.

Kansere ni nyama ya maini yenyewe inayoota bila kiasi. Inaanza hasa katika maini yaliyoumia miaka mingi, yakawa magumu na yenye makovu. Haigawanyiki sawasawa duniani. Mwaka 2022 watu karibu 865,000 waliipata. 7 katika kila 10 walikuwa wa Asia, na Uchina peke yake ilikuwa na zaidi ya 4. Kwa wingi wa watu wake, Mongolia inapita nchi zote. Afrika ya magharibi inayo nyingi, Ulaya ya kaskazini kidogo. Je, wachawi wote wamehamia Mongolia?

Kwetu sababu kubwa ni kidudu cha hepatiti B. Kinakaa katika damu. Kinapita kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa, kwa watoto wenye vidonda wanaocheza pamoja, kwa kulala pamoja, kwa sindano au wembe uliotumiwa na mwingine. Mtu mzima akikipata, mara nyingi mwili wake unakishinda. Lakini katika watoto wachanga 10 wanaokipata, 9 hivi wanabaki nacho. Hawasikii maumivu. Wanakua, wanaoa, wanalima, na maini yanaharibika polepole.

Sababu ya pili imo ghalani. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula unga wa karanga zilizoota ukungu. Hivyo ikajulikana sumu ya aflatoksini. Moto wa jikoni hauimalizi. Aliye na hepatiti B akiila miaka mingi, hatari yake inazidi sana. Lakini sisi tunauza karanga nzuri sokoni, na zile mbovu tunasagia watoto! Zianikeni juu ya mkeka, si juu ya udongo, mpaka zikauke kabisa. Zenye ukungu zitupwe, hata kuku wasipewe.

Pombe pia inaharibu maini, na hepatiti C; na katika nchi za matajiri, unene na ugonjwa wa sukari.

Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984. Baadaye kansere ya maini kwa watoto wao ilipungua karibu nusu. Hapa Kongo chanjo hii imo katika sindano za juma la 6, la 10 na la 14. Mama mwenye mimba aombe kupimwa damu. Akiwa na kidudu, mtoto achanjwe siku ile ile ya kuzaliwa.

Aliye nacho asitengwe mezani, kwa kuwa hakipiti katika sahani. Awe na wembe wake mwenyewe, mke na watoto wapimwe, naye arudi kwa munganga kila mara, maana dawa za kukizuia zipo.