Usimwachie mtoto simu, cheza naye

Chukua mfano wa nyumba moja ya Ruaruke, wilayani Kibiti. Ni saa 12 jioni. Mama ametoka kwenye mpunga, ameteka maji, sasa anachochea moto. Baba yuko dago tangu juzi, anavua huko kwenye delta ya Rufiji. Mtoto wao wa miaka 9 amekaa barazani na simu ya mama. Hasemi kitu, lakini mwili mzima unayumba: kulia, kushoto, kulia tena. Shingo inafuata, mabega yanafuata, mpaka anakaribia kuporomoka kutoka barazani.

Mama anamtazama na hesabu zinaanza kichwani. Chaji imebaki kidogo, na sola imeshalala. Pesa ya matumizi iko humo humo kwenye simu. Daftari la shule halijafunguliwa.

Hapo wazazi wengi huona njia mbili tu. Ya kwanza ni kumnyang'anya simu, mtoto alie. Ya pili ni kumwacha nayo, chakula kiive kwa amani. Lakini ipo njia ya tatu, nayo haichukui hata dakika 15: kukaa kando yake na kusema, "Haya, nipe na mimi zamu."

Gemu ya kuinamisha simu

Anachocheza mtoto huyo ni gemu ya kuruka. Kuna kidude kinachopanda kutoka kipandio kimoja hadi kingine, na kikikosa pa kukanyaga kinaanguka, unaanza upya. Mojawapo inayojulikana sana ni Doodle Jump, iliyotoka mwaka 2009, kazi ya ndugu wawili, Igor na Marko Pušenjak. Kidude chake kinaruka chenyewe. Kazi ya mchezaji ni kuinamisha simu kulia au kushoto ili kitue mahali salama. Kikitokea upande wa kulia wa kioo, kinaingilia upande wa kushoto.

Hakuna damu, na mtoto hahitaji kujua Kiingereza ili aelewe.

Simu inajuaje kwamba imeinamishwa? Ndani yake kuna kifaa kidogo sana kinachohisi mwendo na mvutano wa dunia. Ndicho hicho hicho kinachofanya picha igeuke unapoilaza simu. Mweleze mtoto hivyo, kisha mwambie ailaze simu na kuisimamisha ajionee. Hapo umeshamfundisha sayansi kidogo bila kufungua kitabu.

Nafasi ya mtu wa pili

Kucheza kwa mwendo wa mwili kulipata umaarufu mkubwa mwaka 2006, kampuni ya Nintendo ya Japani ilipotoa mashine iitwayo Wii. Badala ya pedi yenye vitufe vingi, mchezaji alishika kitu kama rimoti ya TV, akakitikisa na kukielekeza. Mashine hizo ziliuzwa zaidi ya milioni 100. Hata bibi ambaye hajawahi kugusa gemu aliweza kuanza siku moja na mjukuu wake, kwa kuwa kupunga mkono hakuhitaji kufundishwa.

Mwaka uliofuata, 2007, ikatoka Super Mario Galaxy. Humo mtoto anamkimbiza Mario kwenye visayari vinavyoelea angani. Akitikisa rimoti, Mario anazunguka kama pia na kumpiga adui.

Lakini kinachomhusu zaidi mzazi ni kitu kingine. Watengenezaji waliweka nafasi ya mtu wa pili, ambaye hahitaji kumudu kukimbia na Mario. Anashika rimoti yake, anaielekeza kwenye TV, anaokota vipande vya nyota na kuwazuia baadhi ya maadui wasimfikie mwenzake. Ni nafasi ya mtu asiyejua gemu lakini anayetaka kukaa na anayejua.

Mashine ya Wii inahitaji TV na umeme wa uhakika. Nafasi ya mtu wa pili haihitaji hivyo. Kwenye simu ya mama, mtoto anashika na kuinamisha, mama anatazama juu ya kioo na kumtahadharisha: "Kulia! Kuna shimo hapo, kulia!" Halafu wanabadilishana.

Wii iliacha na funzo jingine. Watu walizitikisa rimoti kwa nguvu hadi zikawaponyoka mikononi na kugonga TV zao. Desemba 2006 Nintendo ilitangaza kubadilisha kamba za kushikia mkononi takriban milioni 3.2, ili wateja wapate zilizo imara zaidi. Simu ya mama haina kamba. Kwa hiyo mtoto akae chini kwenye mkeka, si ukingoni mwa baraza, na aambiwe kabla hajaanza: unainamisha, hurushi.

Tatizo ni kuachwa peke yake

Hofu ya wazazi juu ya gemu si ya bure. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu anashindwa kujizuia, gemu inatangulia mbele ya mambo mengine yote, na anaendelea kucheza hata anapoona inamharibia maisha. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu kwa miezi 12 hivi, kwa hiyo kupenda gemu wiki moja ya likizo si ugonjwa.

Kwa wadogo, mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 uko wazi. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo cha simu wala TV. Wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi.

Mzazi anapokaa na mtoto, anapata anachokosa akiwa jikoni. Anaona gemu ina nini ndani. Anaona matangazo yanayochomoza katikati, ambayo mengine hayamfai mtoto. Anamwona mtoto wake akishindwa: je, anacheka na kuanza tena, au anakasirika na kutaka kutupa simu? Mtoto naye anajifunza kumaliza zamu na kumpa mwenzake, jambo ambalo simu haimfundishi akiwa peke yake.

Hata hivyo, mzazi asijidanganye kwamba kuyumba na simu ni mazoezi. WHO inasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kuutumia mwili hasa, mpaka ahemwe. Hizo ziko uwanjani. Kwenye rede, anayekaa katikati anakwepa mpira kutoka pande mbili. Anapima muda, anaruka, akipigwa anatoka na kusubiri zamu yake. Ustadi ni ule ule wa gemu ya kuruka, ila hapa miguu inafanya kazi kweli. Rede, kombolela na kuruka kamba vitangulie jua likiwapo. Simu ije baadaye.

Nyumba yenye simu moja

Hesabu zamu, usihesabu dakika. Ukimwambia mtoto "dakika tano" utagombana naye, maana gemu haijui dakika. Ukimwambia "kila mtu aanguke mara tatu, basi," mwisho unajulikana kwa wote. Kwa anayeanza, zamu tatu huisha haraka, hata kwa mama aliyechoka.

Zima data kabla ya kumpa. Gemu nyingi za aina hii zinachezeka bila intaneti, bando linabaki, na matangazo yanapungua.

Linda pesa. Namba ya siri ya huduma za fedha haifai kutajwa mbele ya mtoto, hata umpende vipi. Simu nyingi za Android pia zina mpangilio, kwenye sehemu ya usalama, unaoifunga simu kwenye programu moja mpaka mwenyewe aweke namba ya siri. Ukiuwasha, mtoto hawezi kutoka kwenye gemu akaingia kwenye ujumbe wako.

Kazi za shule zitangulie, na gemu isiwe kitu cha mwisho kabla ya kulala. Kama mtoto mkubwa ameanza kwenda kwenye kibanda cha gemu cha kulipia, mzazi aende naye siku moja, akae, aone wanaocheza ni wa umri gani na wanacheza nini. Kumkataza bila kuona ni kumfundisha kwenda kwa siri.

Turudi barazani Ruaruke. Mama amefunika sufuria, amekaa kwenye mkeka, na zamu yake ya kwanza imeishia kipandio cha pili. Mtoto anacheka mpaka machozi. "Mama, si hivyo! Inamisha kidogo kidogo!" Leo yeye ndiye mwalimu. Zamu ya pili mama anafika mbali kidogo. Zamu ya tatu, macho yote mawili yakiwa kwenye kioo, mtoto ambaye jana aliulizwa habari za shule akajibu "nzuri" na kunyamaza, anaanza mwenyewe kusimulia nani amegombana na nani darasani, na kwa nini hataki kwenda kesho.

Hapo simu inawekwa chini, na mama anasikiliza.