Chama Kidogo Kishindapo

Kila mwaka baada ya mavuno, katika vijiji vya Usukumani, Wagika na Wagalu hukutana uwanjani kushindana kwa ngoma. Kila upande una manju wake na nyimbo zake. Hapana mwamuzi wa kupuliza filimbi. Watazamaji ndio waamuzi, maana upande uvutao watu wengi ndio ulioshinda. Basi upande mmoja ukizua jambo jipya, tuseme kucheza na nyoka, na watu wakaanza kuhamia kwao, upande wa pili hauwezi kuendelea na ngoma ile ile ya jana. Hapana budi nao wabuni jambo, ama sivyo watabaki wakijichezea peke yao.

Wasomaji wapenzi, siasa ya vyama vingi yafanana sana na ngoma hiyo. Wengi wetu hudhani ya kuwa chama kidogo kikipata viti vichache Bungeni hakikupata kitu, kwa kuwa hakikuunda serikali. Makala haya yataka kuonyesha kwamba sivyo. Mfano wetu si wa mbali: ni dhahabu ya Kahama, ambako sisi wa Isaka tuna ndugu na jamaa wengi. Wala hatutaki kumfanyia mtu kampeni. Gazeti la shule si jukwaa la chama. Twataka kueleza tu jinsi mambo yaendavyo.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Chama cha walalamikaji ni chama ambacho kura zake nyingi hutoka kwa watu waliochoshwa na jambo fulani, nao hukichagua ili kilio chao kisikike. Hata TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilianza kuwa sauti ya watu waliochoka kutawaliwa. Vyama vingi viliporudishwa nchini mwaka 1992, vyama vipya vilianza katika hali hiyo hiyo.

Sasa tutazame uchaguzi wa mwaka 2005. Majimbo yalikuwa 232. CCM ilipata 206, CUF 19, CHADEMA 5, TLP 1 na UDP 1. Kiti hicho kimoja cha UDP kilikuwa cha Bariadi Mashariki, wakati ule katika Mkoa wetu wa Shinyanga, na mshindi wake alikuwa Bwana John Cheyo. Katika vile vitano vya CHADEMA kimoja kilikuwa cha Kigoma Kaskazini, alikochaguliwa kijana Zitto Kabwe. Mtu akitazama hesabu hiyo atasema, viti vitano katika 232 vitafanya nini? Lakini wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Mwaka 2007 habari zilitokea ya kuwa mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliokuwapo Kahama, umetiwa saini London. Mwezi wa Agosti mwaka huo Bwana Zitto alisimama Bungeni akataka iundwe kamati teule kuuchunguza mkataba huo. Bunge halikukubali. Badala yake yeye mwenyewe alisimamishwa, asihudhurie vikao mpaka Januari 2008. Kwa kura za Bungeni, alikuwa ameshindwa kabisa.

Lakini nje ya Bunge mambo yalikuwa mengine. Watu walianza kuulizana sokoni, katika mabasi na misikitini na makanisani: je, sisi twapata nini katika dhahabu yetu? Serikali iliona kwamba swali hilo halitazimika kwa kunyamaziwa. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule wa 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kuangalia upya mambo ya madini, chini ya Jaji Mark Bomani. Na katika wajumbe wake alimtia Zitto Kabwe, ambaye bado alikuwa amefungiwa mlango wa Bunge, pamoja na Bwana Cheyo wa UDP. Hoja iliyoshindwa mwezi wa Agosti ilikuwa imeingia Ikulu kwa mlango mwingine kabla mwaka haujaisha.

Yafaa tufuate matokeo yake kwa hesabu. Mrabaha ni fungu ambalo mwenye mgodi huilipa serikali kwa madini anayoyatoa. Zamani, katika dhahabu ya thamani ya shilingi 100, serikali ilipata shilingi 3, tena baada ya kuondoa gharama fulani. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliongeza ziwe 4, na kutaka zihesabiwe kwa thamani yote ya dhahabu kabla ya kuondoa gharama. Mwaka 2017, wakati wa Rais John Magufuli, mwenyeji wa Chato katika Mkoa wa Geita, serikali ilizuia makinikia yasisafirishwe nje, na mwezi wa Julai Bunge likapitisha sheria mpya. Mrabaha wa dhahabu ukawa 6, pamoja na ada ya ukaguzi ya 1, na serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Kutokana na hayo ikazaliwa kampuni ya Twiga, ambamo serikali ina asilimia 16 na Barrick asilimia 84.

Si kweli kusema kwamba hayo yote ni kazi ya chama kimoja. Wabunge wengine wa CCM nao walisema, waandishi wa magazeti waliandika, na viongozi wa dini walitoa sauti. Lakini ni kweli kwamba maneno yaliyoanza kuwa maneno ya wapinzani miaka kumi iliyotangulia, mwaka 2017 yalikuwa maneno ya serikali yenyewe.

Kwa nini chama kikubwa hukubali kubadilika? Jibu ni lile la uwanja wa ngoma: kinaona watazamaji wanahama. Mwaka 2005 Rais Kikwete alipata asilimia 80 ya kura. Mwaka 2010 alipata asilimia 60 na ushei, na Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alipata zaidi ya robo. Viti vya majimbo vya CHADEMA vilipanda kutoka 5 hadi 23. Katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule kilichukua Maswa Mashariki, Maswa Magharibi, Meatu na Bukombe. Baada ya hapo, mkesha wa mwaka mpya wa 2011, Rais alitangaza kwamba nchi itaanza kazi ya kuandika Katiba mpya, jambo ambalo wapinzani walikuwa wamelidai kwa muda mrefu. Kazi hiyo haikufika mwisho, lakini ilianza.

Nasi wanafunzi tumeguswa. Katika kampeni za mwaka 2010 Dk. Slaa aliahidi elimu bila ada, na wengi waliona ni ndoto. Mwezi wa Januari 2016 serikali ya CCM iliondoa ada mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikatangaza kuiondoa kwa kidato cha tano na cha sita. Wazazi wasomao gazeti hili wajua uzito wake.

Basi twaweza kusema kwamba chama kikubwa kikiona kidogo kinashinda, kina njia tatu. Ya kwanza ni kuchukua hoja yake, kama tulivyoona. Ya pili ni kuchukua watu wake: mwaka 2017 na 2018 wabunge kadhaa wa upinzani walihamia CCM. Njia hiyo ina pande mbili, kwani mwaka 2015 Bwana Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu, alitoka CCM akagombea urais kwa CHADEMA, kisha akarudi mwaka 2019. Ya tatu ni kufunga mlango. Tangu mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, mpaka Rais Samia Suluhu Hassan alipoifungulia Januari 2023. Tena mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo katika uchaguzi, baada ya Tume kuizuia kwa kutotia saini kanuni za maadili. Na siku ya kupiga kura, tarehe 29 Oktoba, kulitokea ghasia na watu wakafa.

Mambo haya si ya kwetu tu. Huko Uingereza chama cha UKIP, kilichotaka nchi itoke katika Umoja wa Ulaya, kiliongoza kwa kura katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya mwaka 2014. Mwaka 2015 kilipata kiti kimoja tu katika 650 vya Bunge la nchi. Hata hivyo chama tawala, kwa kuhofia kupoteza wapiga kura, kilikuwa kimekwisha kuahidi kura ya maoni. Ilipigwa tarehe 23 Juni 2016, na mwaka 2020 Uingereza ikatoka. Hapa yafaa tuone kwamba hoja kuchukuliwa si dalili ya kuwa ni njema. Mpaka leo Waingereza wabishana kama walipata faida au hasara. Kwa hiyo mwananchi asitazame ukali wa malalamiko tu, bali apime na dawa inayotolewa.

Katika njia zile tatu, ya kwanza ndiyo imnufaishayo mwananchi, maana watu wakihama bila hoja, yeye habakiwi na kitu. Na mlango ukifungwa, manung'uniko hayafi, hutafuta dirisha.

Wenzetu wa kidato cha nne na cha sita, ambao karibu mtatimiza miaka 18, msiseme kura moja si kitu. Mwaka 2010, katika jimbo la Shinyanga Mjini, mshindi alitangazwa kwa tofauti ya kura moja tu. Uwanja ni wa watazamaji. Nao wakienda nyumbani mapema, hakuna manju atakayejisumbua kubadili ngoma.