Bunduki ya mitutu miwili kwa bei nafuu: nini cha kukagua kabla ya kununua

Msimu wa kuwinda fezanti hufunguliwa South Dakota, nchini Marekani, Jumamosi ya tatu ya mwezi wa Oktoba. Minnesota na Iowa nako misimu hufunguliwa mwezi huohuo. Haya ni majimbo ya mahindi, soya na viwanda vya nyama, na Wakongomani, Wakenya na wazungumzaji wengine wa Kiswahili wamehamia huko pia. Wenzao kazini wanapowaalika kwenda kuwinda, jambo la kwanza wanaloambiwa ni kutafuta bunduki.

Mara nyingi wanaambiwa watafute bunduki ya marisau yenye mitutu miwili iliyopandana, mmoja juu ya mwenzake. Ni bunduki nzuri. Pia ni ghali, na zile za bei ya chini zina mitego yake. Katika makala hii tunaeleza pesa ya bunduki hiyo inakwenda wapi, na mtu mwenye dola 1,000 au pungufu afanye nini.

Kwa nini mitutu miwili?

Fezanti ni ndege wa jamii ya kware na kuku. Aliletwa Marekani kutoka China, akaachiliwa katika jimbo la Oregon miaka ya 1880, na leo yupo tele kwenye nyanda za kati. Hujificha kwenye nyasi mpaka mtu akaribie kumkanyaga, kisha huruka ghafla kwa kelele. Mwindaji anaruhusiwa kupiga jogoo tu, kwa hiyo lazima kwanza atambue rangi na mkia. Risasi ya kwanza hupigwa ndege akiwa karibu. Ikikosa, ya pili humfuata akiwa tayari mbali.

Hapo ndipo mitutu miwili inapoonyesha faida yake. Mdomo wa mtutu wa bunduki ya marisau hubanwa kidogo ili chembe zisitawanyike upesi. Ukibanwa kidogo, marisau hutawanyika mapema na kufaa shabaha ya karibu. Ukibanwa zaidi, huenda mbali yakiwa yameshikana. Mwenye mitutu miwili anakuwa na vibano viwili kwa wakati mmoja, na anachagua aanze na upi. Bunduki ya mtutu mmoja ina kibano kimoja tu shambani, hata iwe na risasi tano ndani.

Faida nyingine tunaiona kubwa zaidi kwa anayeanza: bunduki hii hukunjuka katikati. Ikiwa imefunguliwa na kuning'inia mkononi, kila mtu kwenye msafara anaona kwamba haiwezi kufyatuka. Unapovuka waya wa shamba au kurudi kwenye gari, huna haja ya kumhakikishia mtu kwa maneno.

Pesa inakwenda wapi

Mitutu miwili lazima iunganishwe ili yote ipeleke marisau mahali pamoja. Si kazi rahisi, kwa sababu mmoja uko juu na mwingine chini, na kila mmoja huruka kwa namna yake unapofyatuka. Kisha kuna bawaba na kufuli vinavyoifunga bunduki. Hivyo ndivyo hubeba nguvu ya kila mlipuko, mara elfu kwa maelfu. Nakshi za bata na majani zilizochorwa pembeni hazina kazi yoyote hapo.

Mmarekani John Browning alifariki dunia mwaka 1926 akiwa kiwandani Ubelgiji, katika kampuni ya FN, ambayo jina lake si geni kwa Wakongomani. Bunduki yake ya mwisho ilikuwa ya mitutu iliyopandana, na iliingia sokoni mwaka 1931. Mrithi wake, Browning Citori, umetengenezwa Japani tangu mwaka 1973. Mshindani wake mkubwa ni Beretta ya Italia, kampuni yenye kumbukumbu za tangu mwaka 1526. Mpya za aina hizi mbili huuzwa zaidi ya dola 2,000.

Chini yake zipo bunduki za Uturuki. Mji mdogo wa Huğlu, mkoani Konya, unaishi kwa kutengeneza bunduki za marisau, na nyingi huuzwa Marekani chini ya majina mengine, ikiwemo CZ. Chini zaidi kuna Stoeger Condor, inayotengenezwa Brazil, ambayo kwa kawaida huuzwa chini ya dola 800.

Msimamo wetu ni huu. Kama una dola 1,000, tafuta kwanza bunduki iliyotumika ya kiwanda kizuri kabla ya mpya ya bei ya chini. Kama una dola 500, achana na mitutu miwili kwa sasa. Nunua ya mtutu mmoja inayokokwa kwa mkono, kama Mossberg 500. Haina fahari, lakini kwa pesa hiyo ni chombo kilichotengenezwa vizuri, na fezanti hatambui tofauti.

Kukagua iliyotumika

Ifungue kwanza, hakikisha haina kitu. Usimwamini muuzaji, wala rafiki, wala wewe mwenyewe wa dakika tano zilizopita.

Tazama wenzo wa kufungulia ulio juu, nyuma ya mitutu. Kwenye bunduki ambayo haijachakaa, ikiwa imefungwa, wenzo huo husimama upande wa kulia kidogo wa mstari wa katikati. Kadiri kufuli inavyolika, wenzo husogea kuelekea katikati, halafu kushoto. Ukiuona umepita katikati kwenda kushoto, kuna kazi ya fundi inayokungoja, na huenda ikagharimu sehemu kubwa ya bei uliyopunguziwa.

Kisha vua ubao wa mbele, ule unaoshikwa na mkono wa kushoto, funga bunduki, shika kitako kwa mkono mmoja na mitutu kwa mwingine, itikise. Ikichezacheza, iache. Ubao huo ukiwa mahali pake huficha ulegevu, ndiyo maana tunasema uvue. Tenganisha mitutu, uininginize kwa kidole, uigonge taratibu kwa ukucha. Ikilia kama kengele, utepe unaoiunganisha umeshika. Ikitoa sauti iliyokufa, huenda umeachia. Chungulia ndani ukielekeza kwenye mwanga: kivuli kilichopinda ni mbonyeo.

Kuna hila moja kwenye kifyatulio. Bunduki nyingi zina kifyatulio kimoja kwa mitutu yote miwili, na baadhi huhitaji mshtuko wa risasi ya kwanza ili kuhamia mtutu wa pili. Omba risasi bandia za kujaribia, fyatua mara moja, gonga kitako kwa kiganja, fyatua tena. Mtutu wa pili usipoitika hata baada ya kugongwa, usilipe.

Ikae mwilini

Bunduki ya marisau hailengwi kama ya risasi moja. Jicho ndilo kioo chake cha nyuma. Kitako kikiwa kirefu kwako, kitanasa kwenye koti. Kikiwa kifupi, kidole gumba kitakupiga puani. Nyingi hutengenezwa kwa mwanamume wa kimo cha wastani cha huko, zikiwa na takriban sentimita 36 kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Dada zetu na wanaume wafupi waulize toleo fupi. Anayetumia mkono wa kushoto akumbuke kwamba vitako vingi vimepindishwa kidogo kumfaa wa kulia.

Jaribio ni rahisi: bunduki ikiwa tupu, fumba macho, iinue begani, fumbua. Ukiona chembe ya mbele imekaa juu ya utepe bila kuusogeza uso, inakufaa. Ukilazimika kuitafuta, jaribu nyingine.

Kuhusu uzito, utatembea kutwa na utapiga mara chache. Kilo tatu na kitu zinatosha kwa geji 12. Zile zinazokaribia kilo nne ni za kupigia visahani vya udongo uwanjani, na maduka huzichanganya rafu moja.

Risasi usizochanganya

Risasi ya geji 20 ikiingia kwenye mtutu wa geji 12 huteleza na kukwama mbele. Mwindaji haoni kitu, anatia ya geji 12 nyuma yake, na mtutu unapasuka karibu na mkono. Kwa sababu hiyo risasi za geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano. Nyumba yenye bunduki za aina zote mbili iwe na mifuko miwili tofauti.

Jambo lingine ni madini. Kwa Kiswahili neno risasi ni kile kinachofyatuliwa na bunduki na pia ni ile metali nzito yenye sumu. Tangu mwaka 1991, marisau ya metali hiyo yamepigwa marufuku Marekani nzima kwa kuwinda bata na bata bukini, na badala yake hutumika ya chuma. Chuma ni kigumu. Mitutu ya zamani yenye kibano kikali kisichoondolewa inaweza kuharibika, kwa hiyo bunduki ya babu iliyouzwa kwa bei ya kutupa huenda isikufae kwenye bwawa.

Sheria kwa mgeni

Kwa aliyekulia Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, urahisi wa duka la bunduki la Marekani unaweza kupotosha. Dukani utajaza fomu ya serikali na kuchunguzwa rekodi yako. Umri wa chini kwa bunduki ya marisau ni miaka 18. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, ingawa sheria ina misamaha, mmojawapo ukiwa leseni halali ya kuwinda. Kudanganya kwenye fomu ni kosa la jinai, na kumnunulia mtu asiyeruhusiwa ni kosa pia. Kwa mhamiaji, hatia inayohusu bunduki inaweza kumfukuzisha nchini. Ukiwa na shaka yoyote kuhusu hadhi yako, muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kumuuliza muuzaji.

Minnesota, aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1979 anahitaji cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha ili apate leseni ya kuwinda. Mafunzo hayo ni mahali pazuri pa kushika bunduki za watu wengine kabla ya kununua yako.

Baada ya kununua, nenda uwanja wa shabaha na karatasi kubwa, upana wa mita moja au zaidi. Simama hatua 30, piga mtutu wa chini kwenye karatasi moja na wa juu kwenye nyingine, ukilenga katikati, mara tatu kila mmoja kwa karatasi mpya. Mawingu ya matundu yakiwa mahali pamoja, uko tayari kwa Oktoba. Yakiachana kwa kiganja kizima au zaidi, irudishe dukani ikiwa bado na risiti, pamoja na karatasi zako.